Lini Mtoto Afungwe Waya za Meno?

Mama mmoja mkazi wa Soweto, katika Manispaa ya Moshi, aliingia kliniki ya meno asubuhi akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka 8. Nyuma yao alifuata mvulana wa miaka 7, mdogo wake binti, aliyeletwa kwa sababu moja tu: nyumbani hapakuwa na wa kubaki naye. Mama huyo huuza nyanya na vitunguu katika soko la Mbuyuni. Zamu yake ya VICOBA ilikuwa imemfikia juma lililotangulia, naye alikuwa ameamua fedha hizo ziende kwenye meno ya binti. Meno ya mbele ya juu ya mtoto yalikuwa yametawanyika: mawili ya katikati yameachana, na ya pembeni yamelala kuelekea mashavuni. Shuleni walishaanza kumtania.

"Shikamoo daktari," mama alisema kabla hata hajakaa. "Nimekuja afungwe waya, mambo yasije yakaharibika zaidi."

Mfano huu si habari ya familia moja. Umeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kliniki za meno, na umewekwa hapa kwa sababu unabeba kosa linalofanywa na wazazi na pia, haina budi kusemwa, na watumishi wa afya: jicho hukimbilia jino linaloonekana, likaliacha taya ambalo halionekani. Binti hakuhitaji waya siku ile. Aliyehitaji tiba, tena bila kukawia, alikuwa yule mdogo wake ambaye hakuna aliyekuwa amemtazama.

Umri wa kutazamwa na umri wa kutibiwa

Wataalamu huita mkao wa meno namna safu ya juu inavyokutana na ya chini mtu anapofunga kinywa. Mkao ulio sawa ni ule ambao meno ya juu yanayafunika kidogo ya chini kwa nje, mbele na pembeni, kama kifuniko kinavyokaa juu ya sufuria. Ukiharibika, kuna anayeshindwa kukata chakula kwa meno ya mbele, kuna anayejing'ata kaakaa, na kuna anayeishi miaka themanini bila kusumbuliwa na lolote isipokuwa kioo.

Hilo la mwisho lisidharauliwe, lakini pia lisikuzwe. Mwaka 2006 jarida la East African Medical Journal lilichapisha utafiti wa wanafunzi wa Moshi wenye umri wa miaka 12 hadi 15, uliofanywa na Rwakatema, Ng'ang'a na Kemoli. Karibu watoto wote walikutwa na angalau dosari moja ya mkao wa meno. Mtu akisoma matokeo hayo kwa haraka anaweza kudhani Moshi nzima inahitaji waya. Maana yake ni tofauti: kipimo kinachodai kila jino likae kama kwenye picha ya kitabu kitamkuta karibu kila mwanadamu na hatia. Kutofautiana na picha si ugonjwa. Swali linalofaa ni kama dosari hiyo inaumiza, itaumiza, au inamnyima mtu amani, na kama kuitibu leo kuna faida kuliko kuitibu baadaye.

Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinapendekeza kila mtoto atazamwe na mtaalamu asipite miaka 7. Pendekezo hilo limepita kinywa hadi kinywa mpaka limebaki namba tu, na wapo wanaoamini kwamba mtoto wa miaka 7 asiyefungwa waya amechelewa. Halisemi hivyo. Linasema atazamwe, kwa kuwa katika umri huo magego ya kwanza ya kudumu na meno ya mbele huwa yameota au yanaota, na jicho lililofunzwa linaweza kuona kama mataya mawili yanakua yakiwa yamelingana. Wengi wa watakaotazamwa watarudishwa nyumbani na tarehe ya kurudi. Hiyo nayo ni huduma kamili, ingawa mzazi aliyepoteza siku ya biashara huondoka akihisi hakupewa kitu.

Hata namba 7 yenyewe isishikwe kama sheria. Tafiti za uotaji wa meno zilizofanywa Kenya na Tanzania zimeonyesha kwamba meno ya kudumu ya watoto wetu huota mapema kidogo kuliko ratiba zilizotungwa kwa watoto wa Ulaya. Cheti cha kuzaliwa kinaelekeza tu. Kinywa ndicho kinachoamua.

Kwa nini binti aliambiwa angoje

Kati ya miaka 6 na 12 kinywa cha mtoto ni kama nyumba inayojengwa huku wenyewe wakiishi ndani. Meno 20 ya utoto yanapisha, na ya kudumu yanaingia kwa zamu. Katika kipindi hicho mambo mengi yanayotisha ni ya kupita. Meno ya mbele ya chini huweza kuota nyuma ya yale ya utoto, zikawa safu mbili, na mara nyingi jino la utoto likishang'oka ulimi husukuma la kudumu hadi mahali pake. Meno ya juu nayo huachana na kulala pembeni kwa sababu ya chonge ambazo bado zimo ndani ya mfupa: zinaposhuka hubana mizizi ya meno jirani, na vichwa vya meno hayo vikatawanyika. Chonge zikiota, kwa kawaida karibu na umri wa miaka 11, hubana kutoka upande wa pili, na uwazi wa katikati hupungua au kufungika kabisa.

Kumfunga waya mtoto katika hatua hiyo ili kufunga uwazi tu ni kulipia kazi ambayo mwili ungeifanya wenyewe. Tena kuna hatari: mzizi wa jino la pembeni ukisukumwa kuelekea kwenye chonge linaloshuka unaweza kuliwa.

Daktari alimwomba mama atabasamu. Mama alisita, kisha akacheka, na hapo kila mtu chumbani akaona kwamba naye ana mwanya. Ule wa kwake haukuwahi kuitwa dosari. Katika nchi hii mwanya husifiwa kuwa ni uzuri, na si kazi ya mtaalamu kumwambia mtu vinginevyo. Uwazi wa binti huenda ukafungika. Usipofungika, huenda ni urithi. Kwa vyovyote vile jibu litapatikana baada ya chonge kuota, na hakuna kitakachoharibika kwa kungoja.

Kidevu kilichohama

Mvulana aliitwa kwenye kiti kwa sababu ya jambo dogo. Alipokuwa akimcheka dada yake na kufunga kinywa, kidevu chake kilikwenda kushoto. Daktari alimwambia afungue kinywa wazi, aurudishe ulimi nyuma uguse kaakaa, kisha afunge polepole sana na kusimama pale jino la kwanza litakapogusa lingine. Aliposimama, kidevu kilikuwa katikati ya uso. Kisha akaambiwa, "Sasa ng'ata kabisa." Kidevu kikateleza kushoto, na upande huo magego ya juu yakaonekana yamekaa ndani ya yale ya chini, kinyume cha yanavyopaswa kuwa.

Maelezo yake ni haya. Taya la juu la mtoto huyu ni jembamba. Anapofunga kinywa, magego yanakutana ncha kwa ncha, na kwa kuwa hakuna anayeweza kutafuna hivyo, misuli hulivuta taya la chini kando mpaka lipate mahali pa kutulia. Anafanya hivyo katika kila tonge na kila anapomeza mate, usiku na mchana, huku mfupa ukikua. Taya linaloishi kando kwa miaka linaweza kukua kando, na uso ukapinda kwa namna ambayo waya peke yake haitaunyoosha ukubwani.

Katika umri wa miaka 7 au 8 tiba yake ni nyepesi. Kaakaa la mtoto lina mshono katikati ambao bado haujashikamana. Kifaa chenye skrubu ndogo, cha kuvaa na kuvua au cha kugandishwa kwenye magego, hufunguliwa kidogo kidogo kwa ufunguo nyumbani, na ndani ya miezi michache taya hupanuka, kidevu kikarudi katikati. Kadiri ujana unavyoendelea mshono huo hushikamana, na kwa mtu mzima kupanua taya kwa kiasi hichohicho kunaweza kuhitaji upasuaji. Hapa ndipo neno "mapema" lina uzito wake kamili.

Kipimo cha kufunga kinywa polepole hakihitaji mashine. Kinahitaji kiti, mwanga wa dirisha na dakika mbili za uvumilivu. Tabibu wa zahanati anaweza kukifanya, na hata mwalimu wa darasa la pili akifundishwa.

Watoto wengine wasiopaswa kungoja ni wachache na wanatambulika. Yupo ambaye jino moja au mawili ya mbele ya juu yamenaswa nyuma ya yale ya chini: kila anapofunga kinywa, jino la chini husukumwa mbele na ufizi wake huanza kushuka, mzizi ukawa wazi. Yupo anayenyonya kidole ilhali meno ya kudumu ya mbele yanaota. Wengi huacha wenyewe kabla ya kuanza shule, na anayeendelea asaidiwe kwa upole, kwa maana fimbo na pilipili kwenye kidole havijawahi kutibu hofu ya mtoto. Na yupo ambaye meno ya juu yamechomoza sana mbele. Kwa huyu ushahidi ni wa kuvutia. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2018 yalikuta kwamba kuanza tiba kati ya miaka 7 na 11 kunapunguza uwezekano wa meno hayo kuumia, lakini zaidi ya hapo mtoto aliyetibiwa kwa awamu mbili hakuishia na mkao bora kuliko aliyengoja akatibiwa mara moja katika ujana. Kwa hiyo mtoto mwenye meno yaliyochomoza anayeshinda kwenye ukuta na mti wa mwembe ana sababu ya kutibiwa mapema kuliko mwenzake mtulivu mwenye meno ya namna ileile.

Kidole juu ya chonge

Jino la chonge la juu ndilo lenye safari ndefu kuliko yote. Huanzia juu, karibu na pua, na likipotea njia huelekea kwenye kaakaa na kukwama huko kimya kimya, pengine likila mizizi ya majirani wake bila maumivu yoyote. Kulikuta ni kazi ya kidole. Kuanzia miaka 9 au 10, kidole cha shahada kikipitishwa juu ya ufizi kwa upande wa shavu, juu kidogo ya chonge la utoto, kinapaswa kukuta uvimbe mgumu. Ukipatikana upande mmoja na kukosekana upande wa pili, au mtoto akikaribia miaka 11 na hakuna kinachoguswa popote, apelekwe kupigwa picha ya eksirei.

Faida yake ni kubwa. Mwaka 1988 watafiti wa Sweden, Ericson na Kurol, walifuatilia chonge 46 zilizokuwa zimeelekea kwenye kaakaa kwa watoto wa miaka 10 hadi 13. Waling'oa chonge la utoto tu, bila waya. Chonge 36 zilijirudisha kwenye njia yake. Likisubiriwa hadi miaka 16, jino kama hilo huhitaji upasuaji mdogo na mnyororo wa kulivuta kwa miezi mingi.

Hapa Tanzania kukosekana kwa chonge kuna chanzo kingine ambacho mtumishi wa afya lazima akikumbuke. Tangu miaka ya 1980 imeenea imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa au anayeharisha ana "meno ya plastiki", na kwamba vivimbe vyeupe kwenye ufizi wake havina budi kuchimbuliwa. Vivimbe hivyo ni vichipukizi vya chonge za utoto. Wapo watoto waliokufa kwa kutoka damu na kwa maambukizi, na waliopona wengine walipoteza pia chonge za kudumu zilizokuwa zikiumbika chini yake, au zikaota zikiwa na umbo baya. Mtoto wa miaka 10 asiye na chonge aulizwe historia hiyo, na mama yake aulizwe bila kulaumiwa. Alichofanya alikifanya kwa kuogopa kumzika mtoto.

Na kwa kuwa kung'oa kumetajwa kama tiba, tahadhari inafaa. Magego ya utoto ni mapana kuliko magego madogo ya kudumu yanayoyarithi. Tofauti hiyo ya milimita chache ni akiba ya nafasi ambayo maumbile yameiweka. Gego la utoto liking'olewa mapema kwa sababu limeoza, gego la kudumu la nyuma yake huteleza mbele na kuila akiba hiyo, na miaka mitatu baadaye jino halali halina pa kuotea. Sehemu ya meno yaliyobanana yanayoonekana katika vijana ilitengenezwa kwenye kiti cha kung'olea, na mtu mwenye nia njema. Gego la utoto linaloweza kuzibwa lizibwe. Likilazimika kutoka, mzazi aambiwe kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi.

Kijana wa bweni

Mama alikuwa na swali la ziada, kuhusu mtoto wa marehemu dada yake anayemlea. Kijana ana miaka 13, yuko Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni, meno yake yamebanana na yana rangi ya kahawia kwa kuwa utoto wake aliupitisha Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Je, naye amechelewa?

Hajachelewa hata kidogo. Kwa watu wengi wanaohitaji waya, umri mzuri ni huu, kati ya miaka 11 na 14, meno ya kudumu yanapokuwa yameota na mwili unarefuka kwa kasi. Wasichana huufikia mruko huo wa ukuaji mapema kuliko wavulana, takriban kwa miaka miwili. Taya la chini lililobaki nyuma linaweza kusaidiwa na ukuaji huo, na kinyume chake, taya la chini lililotangulia mbele kwa kiasi kikubwa huhitaji kungojewa hadi ukuaji ukome ndipo iamuliwe kama litafanyiwa upasuaji.

Lakini kwa kijana huyu kalenda ya shule ina nguvu kuliko kalenda ya meno. Waya hudumu kwa kawaida miezi 18 hadi 24, na hurekebishwa kila baada ya wiki 4 hadi 8. Mwanafunzi anayetoka bweni mara mbili kwa mwaka atakuwa na waya zisizotazamwa na mtu: kipande kilichobanduka kitabaki hivyo miezi mitatu, meno yatasogea kusikotakiwa, na uchafu utakaoganda pembeni utaacha madoa meupe ya mwanzo wa kuoza. Waya zilizotelekezwa ni mbaya kuliko meno yaliyobanana. Ni afadhali shule ikubali kwa maandishi kumruhusu kila mwezi, au tiba isubiri mpaka arudi kusoma kutwa, hata kama ni baada ya Kidato cha Nne. Meno husogea katika umri wowote ikiwa fizi ni nzima. Mtu wa miaka 40 hupangwa meno. Kinachokwisha kwa umri ni msaada wa ukuaji wa mifupa.

Rangi ya kahawia ni jambo lingine, na wazazi wengi wa Kilimanjaro na Arusha hulichanganya na hili. Inatokana na madini ya floraidi kuzidi wakati meno yanaumbika ndani ya mfupa, katika miaka ya kwanza ya maisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na baadhi ya vyanzo vya miteremko ya Meru hukipita mbali. Magadi yanayotiwa kwenye maharage nayo huongeza. Waya haziondoi madoa hayo. Tena enameli iliyoathirika sana hushika gundi kwa shida, na mgonjwa aambiwe tangu mwanzo kwamba vipande vyake vitabanduka mara nyingi kuliko vya wengine. Kwa kawaida meno hupangwa kwanza, rangi hushughulikiwa baadaye. Na katika muda wote wa waya, muwa, mahindi ya kuchoma na kutafuna mifupa vinangoja.

Zipo gharama ambazo hazimo kwenye bei ya kwanza, na mzazi ana haki ya kuziuliza kabla ya kutoa shilingi: picha, nauli ya kila mwezi, vipande vitakavyobanduka, na kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa. Bila kifaa hicho meno hurudi yalikotoka, na fedha zote zikawa zimekwenda na maji.

Mama alihesabu. Fedha za VICOBA zilitosha kifaa cha kupanua taya la mvulana, na salio likabaki kwa nauli. Kuhusu kijana wa bweni alisema atakwenda kuzungumza na mkuu wa shule Jumatatu. Kwenye kadi ya binti iliandikwa arudi baada ya miezi 6, na pembeni, kwa wino mwekundu, miezi ya mwaka atakaofikisha miaka 10, wakati wa kuzitafuta chonge kwa kidole.

Binti aliuliza kama ule uwazi utafungika kweli.

"Huenda," daktari alimjibu. "Usipofungika, muulize mama yako anauishi vipi."